Mnatutaka na shahada, basi turuhusuni tusome

Kwa:
Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora;
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI;
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri;
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu;
na wakuu wa vyuo vinavyofundisha uongozi kwa masafa na kwa masomo ya jioni.

YAH: WATUMISHI WANAOSOMA SHAHADA ZA UONGOZI WAKIWA KAZINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Kati. Ni mwanafunzi pia. Nasoma shahada ya uongozi na utawala wa elimu kwa masafa huku kazi ikiendelea. Jina langu na la halmashauri yangu nimeyaacha makusudi, kwa sababu barua yangu ya kuomba ruhusa bado iko kwenye faili la mtu na sitaki ipotee tena.

Nina jambo moja. Mnataka viongozi wa ngazi ya chini wawe na shahada: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, mtendaji wa kata. Naunga mkono. Lakini njia mliyotuwekea ya kuifikia hiyo shahada imejengwa juu ya shaka kwamba mtumishi anayesoma anaiibia serikali muda. Tangu anapoomba ruhusa, anapotafuta ada, hadi siku anapoleta cheti, anaangaliwa kwa jicho la kumshuku. Kwenye hotuba za mahafali tunaambiwa elimu haina mwisho. Ofisini tunaulizwa kibali kiko wapi.

Nianze na kazi yenyewe, maana huko juu huenda bado mnamfikiria mwalimu mkuu wa zamani, mwenye kengele na fimbo. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimu bila ada kuanzia Januari 2016, shule inapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake. Ruzuku ya uendeshaji imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Hizo zinazofika zina mfumo wake wa hesabu, FFARS, na zina mkaguzi wake. Nikitaka kununua rimu za karatasi natafuta nukuu za bei, naitisha kamati, naandika hati ya ununuzi, kisha namweleza mwenye duka la pale sokoni kwamba nataka risiti ya EFD na kwamba nitamkata kodi ya zuio asilimia 2. Ananitazama kama nimekuja kumdhulumu. Kisha tumeletewa NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, na mwenye duka huyohuyo anatakiwa ajisajili mtandaoni ndipo aniuzie chaki.

Ujenzi nao ni wetu. Zilipokuja zile shilingi trilioni 1.3 za UVIKO-19 mwishoni mwa 2021, madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima kwa miezi michache, milioni 20 kwa kila darasa, kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe. Waliosimamia hawakuwa wakandarasi. Walikuwa walimu. Mkuu wa sekondari jirani yetu alikuwa akifundisha fizikia asubuhi, na mchana anahesabu mifuko ya saruji na mtunza stoo. Kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi zote alizisimamia yeye, na hakuna aliyewahi kumfundisha tofauti ya hizo kamati tatu hadi mkaguzi alipomwandikia hoja.

Na kuna kubwa linalokuja. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unafanya elimu ya msingi iwe miaka sita. Mnajua maana yake: mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja. Kila mwalimu mkuu na kila mkuu wa shule ya sekondari anatakiwa sasa hivi awe anapanga walimu, vyumba na madawati kwa ajili ya watoto wa madarasa mawili watakaotoka kwa mkupuo mmoja. Hiyo ndiyo mipango ya rasilimali inayofundishwa darasani kwenye shahada hizi. Sijui ni wangapi kati yetu tulipewa walau semina ya siku mbili.

Kwa hiyo nikisema nataka kusoma uongozi, sisemi nataka kuhama chaki niende kwenye kiti cha kuzunguka. Nataka kuielewa kazi ambayo tayari mmenipa, na mnanilipa posho ya madaraka kwa kuifanya. Namshukuru aliyebuni ile posho.

Sasa ruhusa.

Utaratibu tunaufahamu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zimeeleza mafunzo ya watumishi, na mwajiri anatakiwa awe na mpango wa mafunzo wa kila mwaka. Mtumishi anayetaka kusoma anaandika barua kwa Mkurugenzi, ikipitia kwa Afisa Elimu Kata, ikipitia kwa Afisa Elimu wa Wilaya, hadi kwa Afisa Utumishi. Kila kituo kinagonga muhuri na kuandika maoni. Kwenye karatasi ni utaratibu safi, sina ugomvi nao. Shida ni kwamba sijaona mahali palipoandikwa kwamba anayeipokea barua lazima aijibu, wala aijibu lini. Hajibiwi ndiyo, hajibiwi hapana. Chuo kinafungua dirisha la udahili na kulifunga. Mtumishi anapanda bodaboda hadi makao makuu ya halmashauri, anakuta "faili liko kwa bosi". Akirudi, "bosi yuko Dodoma kikaoni". Akirudi tena anaambiwa aandike upya kwa sababu jina lake halimo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka huu. Akiuliza majina huingia vipi kwenye mpango, anaambiwa kwa kuomba ruhusa.

Nimeishi kwenye duara hilo na wengi wetu tuko humo. Wengine tumeamua kuanza masomo huku barua ikiwa haijajibiwa, tukitegemea kwamba masomo ya masafa hayamtoi mtu kituoni. Yaani mtu anasoma usiku, Jumamosi na wakati wa likizo yake halali, mwanafunzi wa darasa la tatu hakosi kipindi hata kimoja, halafu siku akipeleka cheti anaambiwa "ulisoma bila ruhusa, hatuwezi kukutambua". Shahada imepatikana chuo kinachotambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, mitihani imesimamiwa, ada imelipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Kinachokosekana ni sahihi ya mtu ambaye hakukataa kusaini. Alikaa kimya tu.

Nayajua majibu yenu, na yana uzito. Mtasema zamani watumishi walitoweka vituoni kwa kisingizio cha masomo, shule zikabaki na walimu wawili huku orodha ya mishahara ikiwa na kumi. Ni kweli ilitokea, na sisi tuliobaki ndio tulifundisha vipindi vyao. Ndiyo maana nasema mtenganishe mambo mawili ambayo kwa sasa mnayaweka kapu moja. Anayetaka kuondoka kituoni miaka mitatu alipwe mshahara bila kufanya kazi, huyo ombeni kibali chake kwa darubini. Lakini anayesoma kwa masafa akiwa kituoni, mnampa ruhusa ya kitu gani hasa? Ya kutumia usiku wake? Kwa huyo inatosha awataarifu, aoneshe barua ya udahili, na ajibiwe ndani ya siku thelathini. Zikipita bila jibu, ihesabike amekubaliwa. Mfumo wa ESS tunaoutumia kuomba likizo na uhamisho upo kwenye simu zetu. Ombi la masomo likiingizwa humo kikamilifu, likaonesha liko kwa nani na limekaa siku ngapi, nusu ya kilio hiki itakwisha bila kutumia senti ya ziada.

Jambo jingine ni muda wa mitihani. Ratiba za vyuo hutoka kwa kuchelewa, na mara nyingine mitihani inaangukia wiki ambayo mwalimu mkuu hawezi kutoka shuleni hata akifiwa na jirani: mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, au upimaji wa darasa la nne. Mwenzangu mmoja alikuwa na mtihani wa somo la sera ya elimu siku ileile ambayo shuleni kwake kulikuwa na askari, msimamizi na bahasha zenye lakiri. Akachagua bahasha. Chuo kikamwandikia kwamba hakuhudhuria na atalipia upya. Wakuu wa vyuo, kalenda ya Baraza la Mitihani inatangazwa mapema. Mkiwa na wanafunzi ambao asilimia kubwa ni walimu, kuitazama kabla ya kupanga ratiba si hisani.

Nije kwenye fedha.

Bodi ya Mikopo, nimesoma miongozo yenu ya mwaka hadi mwaka. Mwombaji wa shahada ya kwanza asizidi umri wa miaka 35. Awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Asiwe na ajira inayompa mshahara. Mimi nagonga ukuta kwenye masharti yote matatu, na kila mtumishi anayesoma akiwa kazini anagonga angalau moja. Naelewa sababu: fedha hazitoshi, na kijana aliyetoka kidato cha sita hana pengine pa kukimbilia. Sitaki mumnyime yeye mnipe mimi.

Lakini tazameni hesabu kwa upande wa urejeshaji. Sheria inawaruhusu kumkata mnufaika asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kila mwaka mnahangaika kuwatafuta wahitimu ambao hawana ajira rasmi, hawajulikani waliko, wamebadilisha namba za simu. Mimi niko kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Naweza kuanza kukatwa mwezi ule ule ninaposaini mkopo, kabla sijafika mwaka wa pili. Sihitaji posho ya chakula wala ya malazi, nahitaji ada tu, ambayo ni sehemu ndogo ya anachohitaji kijana anayekaa bwenini. Hamtapata mkopaji salama kuliko huyo, na ndiye mliyemfungia mlango.

Tunafanyaje basi? Tunakwenda benki. Mkopo wa wafanyakazi, riba yake mnaijua, na makato yanasimama pale tu mshahara unapofika kwenye ile theluthi moja ambayo kanuni zinakataza kushuka chini yake. Yaani mtu anasomea uongozi huku akiishi kwa theluthi ya mshahara wa msingi. Wengine wanachukua kwenye vikoba. Wengine wanauza mbuzi, na wapo wanaosimamisha masomo mwaka mzima, wanarudi, wanasimamisha tena. Mwaka 2021 serikali ilifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na walionufaika hadi leo wanaitaja kwa jina la aliyeifuta. Kumbe masharti ya mikopo yanabadilika pale inapoamuliwa yabadilike. Naomba mfungue dirisha dogo la mkopo wa ada kwa mtumishi anayesoma kazini, lenye makato yanayoanza mara moja na lisilo na ukomo wa miaka 35. Mwenye miaka 42 ana miaka kumi na minane ya kulitumikia taifa kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Mkopo wa ada hauchukui miaka kumi na minane kulipika.

Nikiwa hapo niwasemee kidogo akina mama wenzangu, ingawa najua mtu akigusa hili anaambiwa analeta jinsia. Ukomo wa miaka 35 unawaumiza wanawake kuliko wanaume, na sababu haihitaji utafiti. Miaka ya kati ya ishirini na tano na thelathini na tano ndiyo tunayozaa na kunyonyesha. Mwanamume wa rika langu alikuwa mwaka wa pili chuoni wakati mimi naamka saa nane usiku kupima homa ya mtoto. Mtoto akishaingia darasa la kwanza ndipo mama anapata nafasi ya kufungua kitabu, na ndipo kanuni inamwambia umechelewa.

Tufike kwenye siku ya cheti, maana huku ndiko kunakovunja moyo zaidi.

Mtu amesoma kwa fedha zake, amemaliza, ana cheti na nakala ya matokeo iliyothibitishwa. Anaomba kubadilishiwa cheo. Kinachofuata kinategemea kama nafasi imetengwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, kama bajeti ya mishahara ipo, na kama mwaka huo zoezi halijasimamishwa. Tunakumbuka katikati ya 2016 upandishaji vyeo uliposimamishwa nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Sikupinga uhakiki. Aprili 2017 yalipotangazwa majina 9,932 ya watumishi wenye vyeti vya kughushi, wengi wetu tuliosotea vyeti halali tulisema afadhali. Lakini aliyekuwa na cheti halali alisubiri pamoja na aliyeghushi, na muda ule haukurudishwa kwake.

Kuna na lile la kurudishwa daraja. Mwalimu wa stashahada aliyepanda ngazi kwa miaka mingi akipata shahada anahamishiwa kwenye muundo wa wenye shahada, na malalamiko tunayoyasikia kila kikao cha chama ni ya watu waliojikuta wameanzia daraja la mwalimu mpya aliyeajiriwa jana, huku wakibakia na mshahara binafsi, yaani ule wao wa zamani, hadi daraja liwakute tena. Mtu mzima anatazama hesabu hiyo na kuamua kutosoma. Halafu mnashangaa kwa nini nafasi za uongozi wa elimu kata zikitangazwa, wenye uzoefu hawana shahada na wenye shahada hawana uzoefu.

Nitataja na jambo ambalo si la kupendeza. Karibu na kila kituo cha masomo ya masafa kuna stesheneri inayoandika tasnifu. Si siri. Unaingia, unataja mada, anakuuliza "hadi sura ya tatu au hadi ya tano?" kama anauliza kipimo cha sukari. Ukilipa ya tano unapewa na slaidi za kujitetea. Nilikwenda pale kutoa nakala ya barua, kijana akanionesha kwenye kompyuta yake faili lenye mada inayofanana na yangu neno kwa neno, ila jina la wilaya limebadilishwa. Kilichonikera zaidi ya wizi ni kwamba aliyenunua ile tasnifu anaongoza shule yenye watoto hai, wenye utoro wa kweli kila msimu wa kilimo, na ameamua kununua utoro wa kwenye karatasi wa wilaya nyingine.

Soko hili mmelilea ninyi wenyewe. Mahali ambapo cheti kinahesabiwa na ujuzi hauhesabiwi, watu watanunua cheti. Vyuo vinatupa kazi za kuandika ambazo hazina uhusiano na tunachokifanya kutwa nzima. Mimi nina daftari la mahudhurio la miaka mingi, nina mihtasari ya kamati ya shule, nina bajeti niliyotengeneza na hoja ya ukaguzi niliyoijibu. Nipeni kazi ya muhula inayosema: chukua mpango wa shule yako kwa ajili ya wahitimu wa 2027, uutetee mbele ya kamati ya shule na Afisa Elimu Kata, kisha uulete hapa na makosa yake. Hakuna stesheneri inayoweza kuniandikia hiyo, kwa sababu haijui darasa langu la nne lina madawati mangapi. Na halmashauri itapata mpango bure.

Wala si wazo geni. ADEM pale Bagamoyo ipo kwa ajili ya mafunzo ya uongozi wa elimu, na waliopita kule wakirudi unawaona kwenye uandishi wa mihtasari tu kwamba wamefundishwa. Chuo cha Kivukoni, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilifunguliwa Kigamboni mwaka 1961 kikiwalenga watu wazima waliokuwa tayari kwenye vyama, ushirika na kazi za umma. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa Sheria Namba 17 ya 1992 ili mtu asome akiwa alipo. Taifa hili liliwahi hata kwenda mbali kuliko ninavyoomba. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kijana wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza angalau miaka miwili, aje na maoni ya mwajiri na ya tawi la chama. Kwa miaka kadhaa, kuwa umefanya kazi ndiyo ilikuwa tiketi ya kuingia chuoni.

Sitaki Musoma irudi. Ilikuwa na maumivu yake, masharti yakaanza kulegezwa, wanawake wakiwa miongoni mwa wa kwanza kulegezewa baada ya idadi yao chuoni kushuka. Na maoni ya tawi la chama kama kigezo cha kusoma ni kitu ambacho leo hakuna atakayekikubali. Lakini walioliandika lile azimio waliona uzoefu wa kazi ni faida kwa mwanafunzi. Sisi tumegeuza. Mfanyakazi akitaka kusoma, kazi yake inahesabiwa dhidi yake: haruhusiwi kwa kuwa anahitajika, hakopeshwi kwa kuwa analipwa, na akimaliza anarudishwa nyuma kwa kuwa alikuwa ameshapanda.

Mniruhusu na kauli ya pembeni. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka anayegombea ubunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Basi. Sina nongwa, wananchi wana haki ya kumchagua wamtakaye. Ila mbunge huyo anaweza kupitisha bajeti ya wizara nzima bila kuulizwa cheti, na mimi nisimamie rimu za karatasi huku nikiulizwa shahada ambayo sijapewa nafasi ya kuisoma. Tuelewane tu kwamba mzigo huu mmeamua kuuweka kwetu, na mwenye kuweka mzigo hushika upande mmoja kumtwisha mwenzake.

Wakurugenzi, nawaachia ninyi la mwisho kwa sababu ndilo liko mikononi mwenu bila kusubiri waziri wala sheria mpya. Bajeti za halmashauri huanza kupangwa kuelekea mwisho wa mwaka. Kabla ya vikao hivyo, mwagizeni Afisa Utumishi afungue mafaili ya maombi ya masomo yaliyokaa zaidi ya miezi mitatu na kila ombi lijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, sababu ikiwemo. Mpango wa mafunzo wa mwaka unaofuata ubandikwe kwenye ubao wa matangazo na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu wakuu, wauguzi na watendaji, ili mtu ajue jina lake limo au halimo na akate rufaa mapema. Waliomaliza masomo na wanasubiri kubadilishiwa cheo waingizwe kwenye makisio ya mishahara kwa tarehe walizomaliza, wa zamani watangulie. Na tume ndogo iwaite wale waliosoma bila jibu la ruhusa, iwasikilize mmoja mmoja: nani aliondoka kituoni na nani hakuondoka. Daftari la mahudhurio la shule litatoa ushahidi, nalo liko kabatini kwangu, nitalileta nikiitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu, shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Kati

Nakala: Tume ya Utumishi wa Walimu, Chama cha walimu, wilayani, walimu wakuu wote walio mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.